Kambi Tano, Hewa Moja

Djibouti ina watu wapatao milioni moja, na wengi wao wamejazana katika mji mkuu mmoja. Ukingoni mwa mji huo upo uwanja wa ndege wa Ambouli. Njia yake ya kurukia hutumiwa na ndege za abiria, na ndege za kivita za Wafaransa, ambao uhuru wa 1977 haukuwaondoa, na ndege za Wamarekani wa Camp Lemonnier, waliofika baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na ndege za doria za Wajapani, waliofungua kambi yao 2011. Waitaliano nao wakajenga yao 2013. Mwaka 2017 Wachina wakafungua kambi yao ya kwanza ng'ambo, upande wa Doraleh, ubavuni mwa bandari.

Kila jeshi kati ya hayo lina kanuni zake za mazingira, zilizotungwa kwao. Anayeishi mtaa wa Ambouli, au kule Balbala juu, havuti hewa ya Mfaransa asubuhi na ya Mchina jioni. Anavuta iliyopo. Swali ninalolileta barazani ni la kiufundi na la kisiasa kwa wakati mmoja: jumla ya moshi huo hupimwaje, na nani anapaswa kushika daftari lake?

Sauti nne zinazofuata nimezitunga mimi kutokana na hoja zinazosikika kila jambo hili linapozungumzwa. Afande amestaafu kitengo cha ugavi cha jeshi la anga. Mwalimu, mwanamama, anafundisha kemia ya hewa. Wakili anashughulikia kesi za mazingira. Mlinzi ni Mganda aliyewahi kulinda lango la kambi ya Wamarekani nchini Iraq. Nimewakutanisha Nanyuki, Kenya, mji unaojua maana ya kuwa na jirani mwenye bunduki na pasipoti ya Uingereza.

AFANDE: Nianze mimi, maana kizimba naona mmeshaniandalia. Kambi ya jeshi ni mji mdogo. Ina jenereta, magari, jiko, karakana ya kupaka rangi, matangi ya mafuta, uwanja wa shabaha, na zimamoto wanaowasha moto ili wajifunze kuuzima. Camp Lemonnier ina watu kama 4,000. Sasa nenda kasimame kwenye barabara ya malori yaendayo Ethiopia. Nenda bandarini, meli zinapounguruma gatini. Nenda Balbala saa ya kupika. Halafu ungoje kiangazi, upepo wa khamsini uvume kutoka bara na vumbi la jangwa. Ukishayaona hayo yote, niambie kambi imechangia nini. Kila moja ukiipima peke yake, mchango wake ni mdogo. Huo si ujanja wa kijeshi. Ni hesabu.

MWALIMU: Hesabu yako haina kosa, Afande, na hapo ndipo penye tatizo. Kambi ya Wafaransa ukiipima peke yake ni ndogo. Ya Wajapani ni ndogo. Lori moja ni dogo, meli moja ni ndogo, na jiko la mama mmoja ndilo dogo kuliko vyote. Ukimaliza kuwapa wote vyeti vya usafi, hewa ni chafu vilevile, ila sasa haina mwenyewe.

AFANDE: Kwa kifupi, haba na haba hujaza kibaba. Tulifundishwa hilo darasa la pili.

MWALIMU: Ingekuwa hivyo, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Kibaba hujazwa kwa kuongeza tu. Hewani vipo vitu vinavyojumlishwa hivyo, masizi na vumbi kwa mfano. Lakini ozoni, ile ya karibu na ardhi inayochoma mapafu, haitoki kwenye bomba la mtu yeyote. Huzaliwa hewani, oksidi za nitrojeni zikikutana na mvuke wa haidrokaboni chini ya jua. Injini ya jeti hutoa oksidi za nitrojeni nyingi zaidi inaporuka kwa nguvu zote. Ikiwa imewashwa na inangoja tu, mambo hugeuka: oksidi hizo hupungua, lakini monoksidi ya kaboni na haidrokaboni ambazo hazikuungua vizuri huongezeka. Weka na mvuke wa rangi, na wa matangi ya mafuta. Huyu ameleta nusu, yule ameleta nusu, jua limemalizia. Ozoni ni ya nani? Tena karibu kabisa na injini, moshi mpya wa nitrojeni huila ozoni. Kwa hiyo kipimo ukikiweka ndani ya uzio kinaweza kukuambia ozoni ni kidogo, huku kilomita kadhaa upepo unakoelekea watu wanakohoa.

WAKILI: Umesema injini inayongoja. Njia ya kurukia pale ni moja?

MWALIMU: Ni moja, kwa raia na kwa majeshi. Ndege ya Mfaransa ikisubiri ya Mmarekani itue, injini haizimwi. Moshi wa kusubiri huko hauingii katika hesabu ya yeyote, ikiwa kila kambi imekokotoa safari zake kana kwamba iko peke yake jangwani. Hiyo ndiyo athari limbikizi kwa maana yake hasa: jambo linalotokea kwa sababu wako pamoja. Na bado hujaingia kwenye mazoea ya wakokotoaji. Marekani, moshi wa ndege unaohesabiwa kwa kawaida ni ule unaotoka chini ya futi 3,000, kwa kudhani kwamba wa juu yake hauchanganyiki na hewa tunayovuta. Mchana wa joto kali jangwani, hewa ya chini hupanda kupita hapo. Pwani, upepo wa bahari unaweza kuibana chini zaidi. Kimo hicho kinapaswa kupimwa mahali penyewe.

WAKILI: Wamarekani wenyewe wamelijua suala hili miaka mingi. Sheria yao ya sera ya mazingira ilitiwa saini siku ya kwanza ya mwaka 1970. Kanuni za 1978 zikaeleza athari limbikizi kuwa ni zile zinazotokana na mradi wako ukiwekwa juu ya miradi iliyopita, iliyopo na inayotarajiwa, hata kama ni ya watu wengine. Hicho kipande cha mwisho ndicho chenye uzito. Huwezi kujitetea kwamba moshi mwingine si wako. Mwaka 2020 maelezo hayo yakafutwa. 2022 yakarudishwa. Mwaka 2025 kanuni zote zikaondolewa, na Mei mwaka huohuo Mahakama ya Juu, katika kesi ya reli ya kusafirisha mafuta ghafi huko Utah, ikasema idara ya serikali hailazimiki kuchunguza athari za miradi mingine iliyotengana na ule ulio mezani.

AFANDE: Sasa sheria yenyewe inafutwa na kuandikwa upya kila uchaguzi, kamanda aliye Djibouti afuate ipi?

WAKILI: Iko nyingine ambayo haijayumba kiasi hicho. Chini ya sheria yao ya hewa safi zipo kanuni za 1993 zinazoibana serikali kuu, jeshi likiwemo, inapotaka kufanya jambo katika eneo ambalo hewa yake imeshazidi viwango au ndiyo kwanza imepona. Hapo huhesabiwa tani kwa mwaka. Kwa gesi zinazozaa ozoni, kizingiti katika maeneo mengi ni tani 100. Hewa ikiwa mbaya zaidi kinashuka hadi 50, kisha 25, na mwisho 10. Kituo cha ndege za wanamaji cha Lemoore kipo katika bonde la San Joaquin, California, ambalo kwa ozoni limewekwa daraja baya kuliko yote. Pale, tani 10 zinatosha kukusimamisha ujieleze. Ndege ileile ukiihamishia penye nafuu, ina nafasi ya tani 100.

MWALIMU: Yaani sheria inakubali kwamba uzito wa tani moja hutegemea kilichomo hewani tayari. Sihitaji kukubaliwa zaidi ya hapo.

WAKILI: Inakubali kwao. Nje ya Marekani kinachotumika ni amri ya rais namba 12114, iliyotolewa na Jimmy Carter Januari 1979. Inataka mapitio ya kimazingira kwa baadhi ya miradi mikubwa ng'ambo, ina misamaha ya kutosha, na inatamka wazi kwamba haimpi mtu haki ya kufungua kesi. Jeshi likivuka bahari linabeba ndege zake. Haki ya jirani kulishtaki inabaki nyumbani.

AFANDE: Wakili, uko mbele ya watu wazima. Kambi za ng'ambo zina viwango vyake vya mazingira, na nchi mwenyeji huwa ina sheria zake. Lakini twende kwenye jambo mnalolikwepa. Mnachotaka ili mjumlishe ni idadi ya safari za ndege, saa za jenereta, lita za mafuta. Mimi nilikuwa ugavi. Mtu akijua lita zilizoingia wiki hii, anajua kama wiki ijayo kuna operesheni. Januari 5, 2020, al-Shabaab waliivamia Manda Bay, hapa kwetu Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege uwanjani. Manda Bay iko chini ya makao yaleyale ya Lemonnier. Adui wa aina hiyo husoma. Nikikuchapishia ratiba ya injini ili ukokotoe ozoni, nimemchapishia na yeye.

Hapa nakatiza kidogo. Katika hoja zote za upande wa jeshi, hii ndiyo ninayoiheshimu, kwa sababu watu wameshakufa. Lakini angalia inavyofanya kazi. Siri ya wiki moja inaombwa, na inayopatikana ni siri ya miaka ishirini. Operesheni ya mwezi Machi haina tena cha kuficha mwezi Machi wa mwaka unaofuata. Mapafu hayavutii ratiba, yanavuta jumla ya mwaka.

MLINZI: Mimi naomba kusema la kwetu. Tulikwenda Iraq maelfu, Waganda, kulinda malango. Kambini kulikuwa na shimo la kuchomea taka. Kila kitu kiliingia humo: plastiki, matairi, betri, takataka za hospitali, na kinyesi. Wakimwagia mafuta ya ndege kuwasha. Moshi ule ulikuwa mweusi usiku na wa kijivu mchana. Askari wao waliuvuta, na sisi tuliosimama langoni kwa saa 12 tuliuvuta.

MWALIMU: Shimo lililojulikana zaidi ni la Balad, kaskazini ya Baghdad. Lilikuwa la ekari kama 10, na lilifungwa 2009 baada ya kuletwa matanuri. Vipimo vilifanyika pale 2007 na 2009, kisha Taasisi ya Tiba ya Marekani ikaombwa ivisome, na 2011 ikatoa ripoti. Nataka Afande aisikie, maana itamfurahisha. Wataalamu walikuta dayoksini, kiasi kidogo karibu katika kila sampuli, na wakasema chanzo kikuu huenda ni shimo. Lakini chembe laini, ambazo zilipita viwango vya Marekani, wakasema kwa sehemu kubwa zinatokana na dhoruba za vumbi, magari, ndege, na moshi wa mbali wa viwanda na miji. Mchango wa shimo kwenye chembe hizo wakauona mdogo. Juu ya magonjwa ya muda mrefu, wakasema ushahidi hautoshi.

AFANDE: Si nilisema? Vumbi.

MWALIMU: Ulisema. Na ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaodhani athari limbikizi ni rungu la kuwapigia wanajeshi tu. Lina ncha mbili. Ukijumlisha kila kitu unaweza kumnasa aliyejificha ndani ya udogo wake. Unaweza pia kumficha mkubwa ndani ya vumbi la Mungu. Balad ilikuwa hivyo: shimo la ekari 10 likayeyuka ndani ya jangwa. Ripoti haikukosea kisayansi. Iliulizwa swali la shimo, ikajibu kwamba hewa nzima ndiyo mbaya, na ikashauri wachunguzwe watu kwa mchanganyiko wote waliouvuta. Waliosoma haraka wakasikia: shimo halina hatia.

WAKILI: Na Djibouti?

MWALIMU: Djibouti ilishapimwa, na wanajeshi wenyewe. Mwaka 2006 na 2007 walichukua sampuli za chembe katika vituo 15: Iraq sita, Kuwait vinne, Afghanistan viwili, Qatar, Falme za Kiarabu, na Djibouti. Vyote 15 vilizidi maikrogramu 15 za chembe laini kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka, kiwango ambacho jeshi lilijiwekea. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 5. Kwa hiyo kabla Wajapani, Waitaliano na Wachina hawajaweka jiwe la kwanza, ilishajulikana kwamba ndoo imejaa. Hapo ndipo kanuni ya Lemoore ingeuliza: tani ngapi zaidi?

AFANDE: Ndoo imejaa mchanga, Mwalimu. Huwezi kuutoza mchanga kodi.

MWALIMU: Mchanga hauna anwani, kweli. Lakini mchanga na masizi havilingani. Chujio la sampuli likipelekwa maabara, vumbi hujitaja kwa silikoni, alumini na kalsiamu. Masizi ya dizeli hujitaja kwa kaboni yake, na moshi wa kuni una sukari fulani inayoutambulisha. Ukiwa na vichujio vya mwaka mzima, hata kimoja kila siku ya sita, unaweza kugawa lawama kwa asilimia zinazoeleweka. Vumbi lililotimuliwa na vifaru na malori ya jeshi kwenye barabara za udongo linasumbua zaidi, maana linafanana na la khamsini. Hapo unahitaji upepo: weka kipimo upande unakotoka na kingine upande unakoelekea, utoe tofauti.

MLINZI: Na setilaiti? Nasikia sasa zinaona moshi.

MWALIMU: Zinaona. Kuna kifaa cha Ulaya kiliruka 2017 kinachoona dioksidi ya nitrojeni kila siku. Lakini jicho lake hutazama vipande vya kilomita tatu na nusu kwa tano na nusu hivi. Ambouli, Lemonnier na mitaa ya mji vinaweza kuingia kipande kimoja. Setilaiti itakwambia Djibouti inatoa moshi. Haitakwambia ni geti la nani.

WAKILI: Tumefika ninapotaka. Sayansi ya Mwalimu ni nzuri na inachukua muda. Askari wa Balad hawakuungoja. Agosti 10, 2022, Joe Biden alitia saini sheria iliyopewa jina la Heath Robinson, sajenti aliyekufa 2020 kwa saratani ya mapafu. Sheria hiyo haikusema sayansi imethibitisha. Ilisema: ukiwa ulitumika mahali fulani, tangu tarehe fulani, na umepata ugonjwa ulio kwenye orodha, tutachukulia kwamba umeupata huko. Hutakiwi kuleta kichujio. Djibouti imo kwenye orodha, kwa waliotumika tangu Septemba 11, 2001. Somalia na Oman zimo tangu Agosti 1990. Yaani Bunge la Marekani limekubali kisheria kwamba hewa ya Djibouti inaweza kuwa imemdhuru askari wake.

MLINZI: Na mimi?

WAKILI: Wewe haumo. Ni ya wanajeshi wao. Mfanyakazi wa mkandarasi ana sheria nyingine ya fidia, ya 1941, ambapo unabaki na kazi ya kuuhusisha ugonjwa wako na kazi yako. Na aliyezaliwa Ambouli, nje ya uzio, hana hata hiyo.

AFANDE: Hiyo sheria ya 2022 ni siasa, si sayansi. Wapiga kura wagonjwa waliovaa sare, nani atawanyima?

MWALIMU: Leo nitakuwa upande wa Afande mara moja. Mimi dhana ya kisheria hainitoshi. Inalipa baada ya mapafu kuharibika. Haijazima jenereta hata moja, haijahamisha kipimo hata kimoja. Ukishawalipa watu kwa kudhania, huna tena haraka ya kupima.

WAKILI: Na ukingoja kupima, unawalipa warithi. Mwalimu, tuko Nanyuki. Machi 2021 moto ulizuka hapa jirani, katika hifadhi ya Lolldaiga, wakati wanajeshi wa Uingereza wakifanya mazoezi, ukala maelfu ya ekari. Chanzo kilijulikana, mwezi ulijulikana, moshi uliuona mwenyewe kutoka barabarani. Serikali ya Uingereza ilikwenda mahakamani ikadai kinga ya kidola. Mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Nanyuki ikasema ina mamlaka ya kusikiliza. Fidia, takriban pauni milioni 2.9 kwa wadai zaidi ya 7,000, ilipatikana 2025. Huo ni moto mmoja wenye tarehe. Ozoni ya Djibouti haina tarehe. Kila siku ni ndogo, kila kambi ni ndogo. Utaenda mahakama gani, ukamshtaki nani, kwa siku ipi?

Ukigawanya fedha zile kwa kichwa, kila mmoja amepata kama pauni 400. Sisemi ni kidogo au ni nyingi. Nasema ni bei ya moshi uliokuwa na mwenyewe.

AFANDE: Basi mimi niulize, maana mnaniuliza tu. Hata kama nakubali mjumlishe. Mjumlishaji ni nani? Mmarekani hatampa Mchina hesabu ya mafuta yake. Mchina hatampa Mjapani. Mfaransa atasema mkataba wake ni na serikali ya Djibouti. Hamtapata kikao cha majeshi matano kinachozungumzia moshi.

MLINZI: Afande, wewe hujawahi kupanga plot ya Kayole, Nairobi, yenye mita moja ya stima? Wapangaji watano, kila mmoja anaapa hana friji. Hawakai kikao. Mwenye nyumba anasoma mita, kisha anakuja na karatasi.

AFANDE: Na mwenye nyumba akiogopa wapangaji?

MLINZI: Anakaa gizani na wao.

WAKILI: Mwenye nyumba huyu analipwa vizuri. Mkataba wa 2014 na Wamarekani, wa miaka 20, uliripotiwa kuwa wa dola milioni 63 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya mpangaji mmoja. Vituo vya kupima hewa, maabara ya vichujio na vijana wa kuviendesha havifikii hata kipande kidogo cha hizo. Kinachokosekana ni kifungu katika mkataba.

MWALIMU: Na vituo viwe vyake, nje ya uzio, ili asiombe ruhusa kuvisoma. Kimoja upande wa bahari, kimoja karibu na Doraleh, kimoja Balbala, kimoja ukutani pa uwanja wa ndege. Vipime mwaka mzima, ili vishike majira ya upepo wa bahari na majira ya khamsini. Kisha kila anayekuja na ombi la kupanua, awe na sare au awe na kreni ya bandari, apimwe juu ya jumla hiyo. Bandari nayo isisamehewe kwa sababu ni ya raia.

AFANDE: Hapo umenisikia. Nilidhani mmeisahau bandari.

WAKILI: Kifungu nimekiandika, nisomeni. "Nchi mwenyeji itamiliki na kuendesha vituo vya kupima hewa nje ya mipaka ya kambi. Kila jeshi litatoa, baada ya mwaka kupita, jumla ya mafuta yaliyotumika kwa ndege, magari na jenereta. Jeshi litakalokataa kutoa takwimu hizo, mchango wake utakadiriwa kwa kiwango cha juu kinachowezekana kwa kambi ya ukubwa wake."

AFANDE: Jumla ya mwaka, baada ya mwaka kupita, hiyo naweza kuitetea mbele ya wenzangu. Haimwambii adui kitu. Lakini "kiwango cha juu"? Unamhukumu mtu kwa kunyamaza.

WAKILI: Namhesabu kwa kunyamaza. Sasa hivi anayenyamaza huhesabiwa sifuri. Hayo ndiyo makadirio ya chini kuliko yote, na hakuna jeshi lililoyalalamikia. Shaka ipo lazima, Afande. Leo anaibeba mtu wa Balbala. Mimi nataka aibebe mwenye takwimu, kwa sababu yeye ndiye pekee anayeweza kuitua.

MWALIMU: Kisayansi hata mimi naikubali. Huo si uongo, ni kikomo cha juu, nacho kitashuka siku atakapoleta namba.

AFANDE: Andika "kiwango cha kati".

WAKILI: Cha kati ni punguzo kwa anayeficha. Mwenye jenereta nyingi kuliko kawaida atanyamaza daima.

AFANDE: Basi miezi 24 ya kujiandaa kabla kifungu hakijaanza.

MWALIMU: Miezi 12. Mwaka mmoja unatosha kupata msingi wa vipimo.

MLINZI: Na sisi tuliosimama langoni mmetuandika wapi?

AFANDE: Walinzi ni suala la mwajiri wao, si la mkataba wa kambi.

MLINZI: Afande, mwajiri wangu alikuwa sanduku la posta. Jenereta ilikuwa hatua 30 kutoka kiti changu.

WAKILI: Naongeza: "Takwimu za vituo zitakuwa wazi kwa wakazi na kwa kila aliyeajiriwa ndani ya kambi, awe raia wa nchi gani, na zitapokelewa kama ushahidi katika dai lolote la fidia."

AFANDE: Hapo mwisho pa ushahidi, soma tena. Polepole.